Mtunzi, mpangaji ala na wenzao: istilahi za muziki wa filamu

Nomino mtunzi imetokana na kitenzi -tunga, wala si -tunza. Sauti g hugeuka z mbele ya kiishio -i, kama inavyotokea katika -jenga na mjenzi. Kutokana na -tunza hupatikana mtunza, kama vile mtunza bustani na mtunza hazina. Wanafunzi huyachanganya maneno haya mara kwa mara, nao huandika "mtunzaji wa muziki" wakikusudia mtu aliyeubuni. Maana ya awali ya kutunga ni kupitisha kitu katika uzi au ujiti: mtu hutunga ushanga, hutunga samaki, kisha, kwa kupanuka kwa maana, hutunga shairi, wimbo, riwaya, hata uongo.

Upana huo ndio unaomsumbua mfasiri wa orodha ya majina mwishoni mwa filamu. Mtunzi wa hadithi na mtunzi wa muziki hutokea katika orodha moja, hivyo neno hili halifai kuachwa peke yake. Lakini kikwazo kikubwa zaidi kiko kwa wale wanaomfuata mtunzi.

Katika filamu kubwa za Marekani na Uingereza, mtunzi huandika kwanza muhtasari wenye mistari michache ya noti: lahani, mapatano ya sauti, na maelekezo mafupi ya ala. Mtu wa pili huusambaza muhtasari huo kwa okestra nzima, akiamua au akikamilisha ni sauti ipi ichezwe na vayolini, ipi na klarineti, na tarumbeta ziingie wapi na kwa nguvu gani. Mnakili noti huandaa karatasi ya kila mpigaji, ndipo kiongozi wa okestra anaposimama studio huku picha ikionyeshwa, muziki upatane na tukio kwa sekunde. Katika Star Wars ya mwaka 1977, mtunzi alikuwa John Williams, na kazi ya mtu wa pili ilifanywa na Herbert Spencer. Kumwita Spencer "mtunzi msaidizi" ni kumpa asichokifanya, na kumwacha bila jina ni kumnyima alichokifanya.

Aitwe nani, basi? "Mpangaji wa muziki" hutumika, ila neno mpangaji likisimama lenyewe lina mwenyewe tayari. Msomaji wa Makuyuni, Korogwe, akikutana na "mpangaji" pasipo maelezo, atamfikiria kwanza mtu aliyepanga chumba na kudaiwa kodi. Mpangaji ala ni bora, kwa sababu nomino ala hufuta utata huo na kutaja kazi yenyewe. Mpangaji wa muziki abaki kwa yule anayeupa wimbo uliopo sura mpya: mwendo mwingine, utangulizi mwingine, viitikio vipya. Mipaka yao hugusana, na mtu mmoja huweza kufanya kazi zote mbili.

Vivyo hivyo, kondakta halifai kwa kiongozi wa okestra. Kondakta hupokea nauli katika basi la Korogwe na Handeni, na matumizi hayo yamekita mizizi mno kuweza kung'olewa. Mwongozaji nalo limeshachukuliwa na anayeongoza filamu yenyewe.

Tofauti kati ya utunzi na upangaji ina uzito hata katika tuzo. Filamu Hatari! ya mwaka 1962, ambayo jina lake ni la Kiswahili na ambayo ilipigwa picha kaskazini ya Tanganyika, ilitungiwa muziki na Henry Mancini. (Makuyuni iliyo njia ya kutoka Arusha kwenda Ziwa Manyara ni nyingine, isidhaniwe kuwa ndiyo hii ya Korogwe.) Kipande chake "Baby Elephant Walk" kilimpatia Mancini tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki wa ala. Anayefasiri "tuzo ya utunzi" amekosea, japokuwa mtunzi na mpangaji hapa ni mtu yule yule.

Si kweli kwamba dhana hizi ni ngeni kwa Waswahili. Taarabu imezoea tangu zamani kumtenga mtunga mashairi na mtia lahani. Vikundi vikubwa vya Unguja viliathiriwa na okestra za Misri, ambazo nyimbo zake zilienea pia kwa njia ya filamu. Humo zimo fidla, udi, kanuni, nai na akordioni. Mjini Tanga, Black Star na Lucky Star walipiga taarabu kwa magitaa. Kuamua kwamba sehemu ya fidla ichukuliwe na gitaa ndiko kupanga ala, hata pasipo noti iliyoandikwa. Huko Mombasa, Juma Bhalo alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi. Hapo mtunzi wa maneno na mtunzi wa lahani hawakuwa hata wa nchi moja.

Katika filamu za Kitanzania za bajeti ndogo, mtu mmoja mwenye kinanda na kompyuta huweza kufanya yote, naye huitwa prodyuza. Neno hilo lina utata mwingine, kwa kuwa mtayarishaji wa filamu ndiye mwenye mradi. Mfasiri wa mkataba asiandike "mtayarishaji" bila kutaja wa nini. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1994, unaulinda mpangilio wa muziki kama kazi yenye hadhi yake, pasipo kugusa haki ya mtunzi wa asili. Jina la kazi likikosewa katika mkataba, anayedai malipo huanza kwa kubishania alikuwa nani.

Kuhusu upatanisho: mpangaji ala, wingi wapangaji ala, ala haibadiliki, kwani iko katika ngeli ya I/ZI. Okestra nayo hufuata ngeli hiyo: okestra ilipiga, okestra mbili zilipiga. Umbo "maokestra" husikika, lakini halipendekezwi katika maandishi rasmi.