Mamlaka juu ya Mchezo: Kuchelewa Kuzaliwa kwa Shirikisho la Mpira wa Mikono la Ujerumani, 1917–1993

Utangulizi

Historia ya chombo cha kitaifa cha mchezo aghalabu huandikwa kana kwamba mchezo na chombo chake vilizaliwa pamoja. Kwa upande wa Ujerumani, dhana hiyo haithibitiki. Mpira wa mikono ulikuwa umechezwa nchini humo kwa takribani miaka 32 kabla ya Shirikisho la Mpira wa Mikono la Ujerumani (DHB) kuundwa tarehe 1 Oktoba 1949, mjini Mülheim an der Ruhr. Insha hii inajenga hoja kuwa kuchelewa huko hakukuwa jambo la kiutawala tu, bali kuliamua nani ahesabiwe kuwa mchezaji na nani aruhusiwe kuliwakilisha taifa.

Mchezo bila chombo chake

Tarehe 29 Oktoba 1917, Max Heiser, kiongozi wa mazoezi ya viungo jijini Berlin, aliweka kanuni za mchezo aliouita mpira wa mikono. Walengwa walikuwa wanawake na wasichana. Kwa sababu hiyo, kanuni zake zilizuia kugusana miili. Mwaka 1919 Carl Schelenz alizirekebisha ili wanaume wacheze: mpira ulipunguzwa ukubwa na kukabana kukaruhusiwa. Marekebisho hayo ndiyo yaliyoupa mchezo kasi na mvuto wa viwanjani, lakini pia yaliwasogeza pembeni wale ambao mchezo ulibuniwa kwa ajili yao.

Katika miaka ya 1920, mamlaka juu ya mchezo huu yaligawanyika. Chama cha mazoezi ya viungo na chombo cha riadha kila kimoja kiliendesha mashindano yake ya ubingwa, huku vyama vya michezo vya wafanyakazi navyo vikiwa na mashindano yao. Ajabu ni kwamba chombo cha kimataifa, kilichoundwa Amsterdam mwaka 1928, kilitangulia kuwapo kabla ya Ujerumani kuwa na shirikisho lake huru.

Umoja uliolazimishwa

Utawala wa Kinazi uliumaliza mgawanyiko huo kwa amri. Vyama vya wafanyakazi vilipigwa marufuku mwaka 1933, na michezo yote ikawekwa chini ya usimamizi wa dola. Katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, mpira wa mikono wa uwanja wa nje, wenye wachezaji 11 kila upande, ulichezwa na wanaume pekee. Ujerumani iliishinda Austria 10–6 katika fainali. Ushindi huo haukuwa tunda la shirikisho lililochaguliwa na wanachama wake. Gharama yake ilionekana baada ya vita: Shirikisho la Kimataifa lilipoundwa upya Copenhagen mwaka 1946, Ujerumani haikuwamo miongoni mwa waasisi.

Taifa moja, vyombo viwili

DHB ilipoundwa, zilikuwa zimebaki siku 6 tu kabla ya Ujerumani Mashariki kutangazwa kuwa dola. Upande wa mashariki ukaunda chombo chake. Hata hivyo, timu ya pamoja ilishiriki mashindano ya dunia ya ukumbini mwaka 1958 na 1961, na mwaka 1959 ilitwaa ubingwa wa dunia wa uwanja wa nje. Kwa hiyo, kwa kipindi fulani uwanja ulihifadhi umoja ambao siasa ilikuwa imeuvunja.

Umoja huo haukudumu. Mwaka 1978 Ujerumani Magharibi, ikifundishwa na Vlado Stenzel, iliifunga Umoja wa Kisovyeti 20–19 na kuwa bingwa wa dunia. Miaka 2 baadaye mabingwa hao walibaki nyumbani kwa sababu ya mgomo wa Olimpiki ya Moscow, na medali ya dhahabu ikachukuliwa na Ujerumani Mashariki. Inaweza kudaiwa kuwa shirikisho lina mamlaka kamili juu ya timu yake. Tukio la 1980 linaonyesha kinyume: uamuzi wa kutokwenda ulipitishwa na kamati ya Olimpiki ya nchi, kwa shinikizo la serikali.

Hitimisho

Baada ya muungano wa tarehe 3 Oktoba 1990, vyama vya mashariki vilijiunga na DHB. Vilikuja na urithi mzito, kwa kuwa wanawake wa Ujerumani Mashariki walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1971, 1975 na 1978. Mwaka 1993 timu ya wanawake ya Ujerumani iliyoungana ilitwaa ubingwa wa dunia. Hivyo basi, mchezo uliobuniwa kwa ajili ya wanawake wa Berlin ulileta taji la kwanza la dunia la shirikisho lililoungana kupitia wanawake. Kwa mantiki hiyo, historia ya DHB haiwezi kuanzia mwaka 1949. Inapaswa kuanzia kwa wale waliocheza kabla ya kuwapo chombo cha kuwatambua.