Safu ya Lugha: Marehemu na Hayati
Fundi cherehani wa mtaani kwetu, aliyepunguza suruali zetu kwa mkopo, ametutoka. Kwenye kundi la WhatsApp mmoja akaandika “marehemu”, akakemewa: mpe heshima, mwite hayati! Heshima ipi tena? Marehemu latoka Kiarabu, ndugu wa rehema: aliyerehemiwa. Ukilitamka umeshamwombea. Hayati asili yake ni uhai tu, ila redio na magazeti yamelizoesha kwa wakubwa, kina Hayati Mwalimu Nyerere, watu wakadhani ni cheo. Yote mawili ni sahihi kwa fundi wetu; mimi nachagua lenye dua. Mwendazake nalo lilikuwa neno la upole, mpaka siasa za 2021 zilipolitia kejeli. Msibani liache.