Ujumbe wa Kutokuwapo: Historia Fupi ya Ujumbe wa Hali katika Mazungumzo ya Papo kwa Papo

1.0 Utangulizi

Programu ya AOL Instant Messenger (AIM) ilizimwa tarehe 15 Desemba 2017. Wamarekani wengi waliokua nayo waliikumbuka kwa sauti ya mlango uliofunguka rafiki alipoingia, na kwa maneno machache aliyoyaacha alipoondoka. Makala haya yanashikilia kwamba hamu hiyo ya yaliyopita inatokana na kupotea kwa jambo mahususi: uwezo wa mtu kusema kwamba hayupo, akaaminiwa.

2.0 Chimbuko

Desturi hii ni kongwe kuliko AIM. Mwaka 1971, Les Earnest wa Chuo Kikuu cha Stanford alibuni programu ya finger, iliyoonyesha ni nani aliyekuwamo katika mfumo wa kompyuta. Mtumiaji aliweza pia kuacha maelezo ya mipango yake, ikiwa ni pamoja na sababu ya kutokuwapo kwake. IRC, iliyobuniwa nchini Finland na Jarkko Oikarinen mwaka 1988, ilikuwa na amri ya kutangaza kwamba mtu ametoka. ICQ, iliyotolewa na kampuni ya Mirabilis ya Israeli mwaka 1996, ilipambanua hali hizo: aliyetoka, mwenye shughuli, asiyetaka kusumbuliwa, aliye tayari kuzungumza, hata asiyeonekana. AIM ilifuata mwaka 1997.

3.0 Kutoka Taarifa hadi Fumbo

Katika AIM, aliyemwandikia rafiki aliyetoka alijibiwa na programu yenyewe, kwa maneno yaliyoachwa na mwenyewe. Naomi Baron, mwanaisimu wa American University mjini Washington, alichunguza ujumbe huo miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Alibaini kwamba, licha ya kuarifu, ulitumika kuchekesha, kujieleza na hata kualika mazungumzo.

Aidha, ulikuwa uwanja wa mafumbo. Mshororo wa wimbo wa mapenzi ulisomwa na marafiki wote, ilhali ulimlenga mmoja. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mbinu hii katika jina la kanga: mvaaji husema bila kutamka, na anayelalamika huulizwa ni nani aliyemtaja.

4.0 Masharti ya Kiteknolojia na Kitabaka

Ujumbe huo ulitegemea kompyuta iliyokaa mahali pamoja na mtandao usiokatika. Katika mabweni ya vyuo vya Marekani, mwanafunzi aliweza kuiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha. Kwa hiyo, hamu inayojadiliwa hapa ina mipaka ya kijamii. Katika mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam na Nairobi ya zama hizo, mteja alilipia muda, na aliyeinuka kitini alimpisha mwingine. Hakuwa na kompyuta ya kuiachia maneno.

5.0 Mgeuko

Simu ya mkononi iliondoa sharti la mahali. Jack Dorsey, mmoja wa waasisi wa Twitter mwaka 2006, ameeleza kwamba wazo lake la awali lilifanana na kubadilisha hali ya AIM ukiwa popote. WhatsApp nayo, iliyoasisiwa mwaka 2009, ilikusudiwa kwanza kuonyesha hali ya mtu kando ya jina lake katika orodha ya simu. Februari 2017 ilibadilisha maneno hayo kwa picha na video zinazotoweka baada ya saa 24. Watumiaji walilalamika, na mwezi uliofuata ikatangaza kuyarejesha. Hata hivyo, maana ilikuwa imekwisha kugeuka. Kilichokuwa tangazo la kutokuwapo kilikuwa sasa wito wa kutazamwa.

6.0 Hitimisho

Mwanahistoria wa suala hili ana uhaba wa ushahidi. Ujumbe wa hali uliandikwa ili ufutwe, na mwingi haukuhifadhiwa. Kilichobaki ni kumbukumbu, nayo huchagua. Husahau usiku wa kukodolea macho jina lisilowaka. Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo kumbukumbu haikosei. Mtumiaji wa AIM alikuwa na neno la kuweka kati yake na anayemwita. Leo simu imo mfukoni, na anayechelewa kujibu hudhaniwa kuwa amepuuza.