Haipatikani

LibreOffice Base ikigoma kufungua hifadhidata ya HSQLDB, injini iliyoandikwa kwa Java, na kudai Java haipatikani, wengi hukimbilia kuipakua Java upya. Haraka ya nini? Neno “haipatikani” tumelizoea kwenye simu: mteja hapatikani, kumbe yuko zake nyumbani, chaji imekwisha. Kutopatikana si kutokuwepo. Mara nyingi Java imo, ila ni ya biti 32 na LibreOffice ni ya biti 64. Hizo hazielewani kabisa. Au folda yake imehamishwa. Fungua mipangilio ya LibreOffice, sehemu iitwayo Advanced, uichague Java iliyoorodheshwa au uionyeshe programu folda ilipo. Mimi ningeandika “haionekani”, na watafsiri wa LibreOffice wanisamehe.