Saa Ilivyoingia Chumba cha Giza

Mwishoni mwa karne ya 19, fundi wa picha alisafisha picha kwa macho. Aliinamia beseni la dawa chini ya taa nyekundu, akalitikisa bamba la kioo, akalitoa alipoona limeiva. Limeiva vipi? Alijua mwenyewe. Taa ikififia au macho yakichoka, bamba la pili lilitoka tofauti na la kwanza.

Huko Widnes, mji wa viwanda Uingereza, watafiti wawili walichoshwa na kubahatisha huku. Ferdinand Hurter, Mswisi, na Vero Charles Driffield, Mwingereza, walichapisha utafiti wao mwaka 1890. Waliupima weusi wa bamba badala ya kuukadiria, wakaonyesha kwamba kadiri bamba linavyokaa kwenye dawa, ndivyo sehemu nyeusi na sehemu angavu zinavyozidi kuachana.

Alfred Watkins wa Hereford, aliyetoka katika familia ya watengeneza bia, akaleta hesabu rahisi. Hesabu sekunde mpaka dalili ya kwanza ya picha ijitokeze, kisha zidisha kwa namba ya dawa yako. Dalili ikija baada ya sekunde 30 na namba ikiwa 10, bamba likae dakika 5. Hata baridi haikuiharibu hesabu hiyo: dawa ikipoa, picha huchelewa kujitokeza, na muda wote hurefuka wenyewe.

Mwaka 1906, kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon ilitoa mabamba yanayohisi rangi zote, nyekundu ikiwemo. Taa ikabidi izimwe. Gizani dalili ya kwanza haionekani, na hesabu ya Watkins ikakosa pa kuanzia. Hapo kipimajoto na saa vikashika usukani.

Majedwali ya viwanda yangali yanafuata njia hiyo. Kampuni ya Ilford huelekeza mkanda wa filamu wa HP5 Plus, uliopigwa kwa kasi ya 400, usafishwe dakika 7½ katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Dawa ikizimuliwa kwa maji kiasi sawa, dakika 13. Anayesafisha Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hayana ubaridi huo, hutafuta barafu kwanza.

Hata hivyo, kipimajoto cha huyu si cha yule, wala mtikiso wa mkono haufanani. Negativu zikitoka hafifu, fundi huongeza muda. Zikitoka nzito mno, hupunguza, kisha huandika dakika zake daftarini. Jicho limerudi kazini, ila sasa mkanda umeshaanikwa kambani, unachuruzika maji.