Riwaya Kabla ya Uchambuzi: Kuisoma Takadini kwa Njia ya Ugunduzi katika Sekondari za Singida

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mkoani Singida mara nyingi hukutana na uchambuzi wa riwaya kabla hajakutana na riwaya yenyewe. Mwalimu huingia darasani, huandika ubaoni jina la kitabu, kisha vichwa viwili vikubwa, fani na maudhui, na chini yake matawi yake: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Wanafunzi hunakili. Baada ya vipindi vichache daftari limejaa na kitabu hakijafunguliwa. Hali hii imeenea nchi nzima. Nimeichagua Singida kwa sababu riwaya zilizomo kwenye orodha ya mtihani zinagusa maisha ya vijana wa mkoa huu kwa ukaribu wa pekee, na notisi za ubaoni zinauficha ukaribu huo. Ninachodai ni jambo moja: dhamira ya riwaya ifikiwe na mwanafunzi mwenyewe, kwa shughuli zilizopangwa na mwalimu, na istilahi za uhakiki zije baadaye kukipa jina kile alichokwisha kukiona.

Chanzo cha tatizo hakifichiki. Maswali ya fasihi katika mtihani wa Kidato cha Nne yana umbo linalojulikana: mtahiniwa hupewa kauli, akatakiwa kuijadili kwa kutumia vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kitabu. Vitabu navyo vilikaa kwenye orodha miaka mingi: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Vitabu vikiwa vilevile na maswali yakifanana, hoja nazo huandaliwa mapema na kuuzwa kwenye miongozo. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuandika kwamba Sekai ni mwanamke jasiri, lakini ukimwuliza ni tendo gani lililomstahilisha sifa hiyo, anatazama chini. Kijana huyo hana upungufu wa akili. Amenyimwa kitabu, akapewa hukumu ya mtu mwingine juu ya kitabu.

Wapo wanaoilaumu mitaala. Siungani nao. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yale wafanyayo wengine huku akiyapima kwa mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Mtaala wa 2005 ulihamishia mkazo kwenye umahiri wa mwanafunzi, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeshika njia hiyohiyo. Karatasi zetu, kwa hiyo, zimesema lililo sahihi kwa zaidi ya nusu karne. Kinachokosekana ni maelezo ya namna ya kulitenda darasani, Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi wengi wenye nakala chache za kitabu. Hapo ndipo wataalamu wa ufundishaji wa fasihi tumekuwa wavivu, na hapo ndipo nataka kukaa.

Kwanza niondoe dhana moja. Ugunduzi hauna maana ya kumwacha mwanafunzi apapase peke yake. Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani, alionyesha tangu 1938 kwamba maana ya kazi ya fasihi huzaliwa pale msomaji na maisha yake anapokutana na maandishi. Maandishi peke yake ni wino, na msomaji asiyeyarudia maandishi anajisimulia mwenyewe. Jerome Bruner naye, katika makala yake ya 1961 kuhusu tendo la kugundua, alieleza kwamba mtu hukitumia na kukikumbuka zaidi kile alichokipanga mwenyewe akilini. Wala jambo hili halikuja Singida kwa meli. Katika nyumba za Wanyaturu na Wanyiramba, kama kwingineko Afrika Mashariki, msikilizaji wa ngano hajawahi kukaa kimya: huitikia, hubashiri, humpinga mtambaji, humhurumia sungura au kumcheka fisi. Hakuna bibi aliyewahi kutaja dhamira ya ngano kabla ya kuitamba.

Sasa tuingie kwenye Takadini. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto huku wake wenzake wakizaa. Hatimaye anamzaa Takadini, mtoto mwenye ualbino, katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto wa namna hiyo kuishi. Anatoroka naye usiku. Katika kijiji cha mbali anahifadhiwa na mzee Chivero, mpiga mbira, ambaye baadaye anamfundisha kijana huyo ala yake. Hadithi inatokea Zimbabwe. Mwongozo huanza kwa kusema dhamira ni mila potofu, nafasi ya mwanamke na ukombozi. Mwalimu wa ugunduzi huanza kwingine kabisa. Anasoma kwa sauti mpaka Sekai anapofunga mzigo wake, anafunga kitabu, na kuuliza: angekuwa dada yako, ungemshauri nini usiku huu? Wanafunzi waandike jibu lao kimyakimya kabla ya mtu yeyote kusema. Kuandika kwanza ni muhimu sana, kwa maana darasani wapo wachache wenye ndimi nyepesi, na wakianza wao wengine huyafuata mawazo yao.

Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ndizo somo. Atakayesema arudi kwa wazazi wake ataulizwa: wazazi wake wangefanya nini, na kitabu kinatupa dalili gani? Atakayesema amkabili mume wake naye aonyeshe ni wapi Makwati alipoonekana kuwa na nguvu ya kuishinda mila, au kuikosa. Kanuni ni moja tu na haina msamaha: kila dai lionyeshwe ukurasa wake. Kanuni hiyo inalijibu pia lile lalamiko la kawaida kwamba ugunduzi huzaa tafsiri za kiholela. Tafsiri ya kiholela huishi darasani ambamo mwalimu ndiye chanzo cha ukweli, kwa kuwa humo hakuna anayelazimika kufungua kitabu.

Katika wilaya ya Manyoni, ambako Wagogo ni wengi, mbira ya Chivero inaweza kufungua mlango ambao mwongozo wowote hauuoni. Ala ile ya vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba ni ndugu wa ilimba, ala ya Wagogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Mwanafunzi apewe kazi ya kumtafuta mzee mpiga ilimba, au mtu anayemkumbuka mmoja, na kumwuliza: mpiga ala aliheshimiwa vipi? Alimfundisha nani, na kwa nini huyo? Akirudi na majibu hayo, ndipo aulizwe kwa nini mwandishi alimpa Takadini ala badala ya jembe au mkuki. Mwanafunzi atagundua mwenyewe kwamba ustadi ndio uliompa Takadini nafasi kati ya watu waliokuwa wakimtenga. Ugunduzi huo una uzito zaidi kuliko mistari kumi ya notisi kuhusu wasifu wa wahusika, na mtihani ukimwuliza kuhusu mandhari, ujenzi wa wahusika au nafasi ya sanaa katika jamii, anao wa kutumia popote.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna darasa la Singida linaloweza kulipita. Mkoa huu umepakana na Shinyanga, Simiyu na Tabora. Kuanzia takriban mwaka 2006 habari za mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino zilitoka hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na majirani zake. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wanafunzi wapewe matukio haya, kisha waulizwe: jamii ya Makwati iliogopa nini, na wauaji wa zama zetu walitafuta nini? Watakuta kwamba mambo haya mawili hayafanani. Kule mtoto aliondolewa kwa hofu ya balaa. Hapa viungo vilitafutwa kwa tamaa ya utajiri. Neno mila potofu, tunalolitumia kama kifuniko cha kila chungu, haliwezi kuyabeba yote mawili. Nadhani huu ndio uhakiki halisi, na kijana wa miaka 16 anauweza.

Na Shingai, binti anayempenda Takadini, anapopata mimba, mwalimu afunge kitabu tena. Mtoto atakuwaje? Swali hili ni la baiolojia. Ualbino hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba chembe yake, hata kama wao hawaonyeshi dalili; kwa hiyo Makwati alihusika sawasawa na Sekai. Nchini Tanzania hukadiriwa mtu mmoja kati ya watu 1,400 ana hali hiyo, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwalimu wa baiolojia aombwe kipindi kimoja. Mwanafunzi akichora mwenyewe mraba wa urithi na kuona kwamba kumlaumu Sekai peke yake hakukuwa na msingi, suala la nafasi ya mwanamke limekwisha kuingia moyoni bila kuandikwa ubaoni.

Lakini njia hii ina mpaka, na lazima usemwe wazi. Somo la fasihi ya Kiingereza limetumia Unanswered Cries ya Osman Conteh, riwaya ya Sierra Leone kuhusu ukeketaji. Utafiti wa Taifa wa Afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Singida, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 31, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Ina maana kwamba katika darasa hilo wanaweza kukaa wasichana ambao riwaya inawahusu mwilini. Mwalimu asithubutu kuwauliza wanafunzi wasimulie yaliyowapata. Aulize kuhusu mhusika: ameamua nini, nani alimshauri, nani alinyamaza. Mhusika wa kubuni ni pazia linalomwezesha kijana kusema kweli bila kuvuliwa nguo mbele ya wenzake. Vivyo hivyo, kama darasani yumo mwanafunzi mwenye ualbino, azungumzwe naye faraghani kabla Takadini haijaanza, naye achague atashiriki vipi.

Watoto wa Mama N'tilie inahitaji maneno machache. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada. Wanafunzi wa leo wamesoma chini ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ulioondoa ada kuanzia 2016. Wawaulize kaka na shangazi zao ilikuwaje zamani, kisha waandike ni gharama zipi bado zinamzuia mtoto wa jirani kufika darasani. Na kwa kuwa wasichana wengi wa Singida huenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, Manzese, mtaa wa Dar es Salaam katika riwaya hii ya Mbogo, hautakuwa mtaa wa kitabuni tu.

Vipi kuhusu muda na vitabu? Kipindi kina dakika 40, na nakala zinaweza kuwa tano kwa darasa zima. Kunakili notisi ndiko kunakokula muda mwingi zaidi, na nakala tano zinatosha kwa vikundi vitano ambavyo kila kimoja kina msomaji wa sauti. Msimu wa palizi na mavuno ya alizeti huwapunguza wanafunzi darasani. Wanaobaki wasomewe na wasomaji wa vikundi, na wanaorudi wasimuliwe na wenzao, jambo ambalo lenyewe ni zoezi la muundo wa visa.

Mwalimu unayekaribia kuanza riwaya na Kidato cha Tatu, fanya jambo moja muhula huu. Usiandike neno dhamira ubaoni mpaka sura ya mwisho iwe imesomwa kwa sauti darasani. Wewe mkuu wa shule, mdhibiti ubora akifika na kukuta madaftari hayana notisi bali maswali ya wanafunzi na namba za kurasa, mtetee mwalimu huyo.