Nambari ya Nne: Historia Fupi ya Kuchanganya Picha kwa Hesabu

Wasomaji wangu, leo tuache lugha za programu kidogo tuongee historia. Wengi wenu mnatumia Photoshop au GIMP kutengeneza mabango na kadi za harusi. Unaweka picha moja juu ya nyingine, unachagua Multiply au Screen, na rangi zinabadilika. Hapo hakuna uchawi wowote. Ni kujumlisha, kutoa na kuzidisha, hesabu tulizofundishwa shule ya msingi. Nilipoanza kuchimba zilikotoka, nilikuta kwamba kila kitu kinasimama juu ya nambari moja iliyoongezwa kwenye pikseli.

Turudi mwaka wa 1977, katika New York Institute of Technology huko Marekani. Siku hizo, mtambo wa kuhifadhi picha moja tu ulikuwa mkubwa na ghali mno, na ulitoa biti 8 kwa kila pikseli. Maabara hiyo ilikuwa na mitambo kadhaa, kwa hivyo Alvy Ray Smith na wenzake waliunganisha mitatu: mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Wakapata rangi za biti 24.

Mwenzake Ed Catmull alikuwa akitafiti jinsi ya kuchora vitu vyenye kingo laini. Hapo ndipo penye kazi. Ukingo wa kitu haujazi pikseli nzima, kwa hivyo rangi yake ni lazima ichanganywe na rangi iliyo nyuma. Ukitaka kubadilisha mandhari ya nyuma, inabidi uchore kitu chote upya, na tarakilishi za wakati ule zilikuwa za polepole kweli kweli.

Suluhisho lao lilikuwa hili: pamoja na nyekundu, kijani na bluu, hifadhi nambari ya nne inayosema kitu kimefunika kiasi gani cha pikseli. Sufuri ni wazi kabisa, moja ni kufunika kabisa. Waliiita alfa, kwa sababu ndiyo herufi ya Kigiriki iliyotumika katika fomula ya kuchanganya:

matokeo = alfa × mbele + (1 − alfa) × nyuma

Chukua mbele 200, nyuma 40, alfa 0.25. Unapata 50 + 30, yaani 80. Fanya hivyo kwa kila chaneli na umemaliza. Kitu kinachorwa mara moja, kisha unakiweka juu ya mandhari yoyote unayotaka.

Mwaka wa 1984, Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha makala yaliyoipanga hesabu hiyo vizuri zaidi. Walisema rangi izidishwe na alfa mapema, kabla ya kuhifadhiwa. Hapo fomula inakuwa mbele + (1 − alfa) × nyuma, na kuzidisha kwa kila chaneli kunapungua kwa nusu. Pia waliorodhesha njia 12 za kuweka picha moja dhidi ya nyingine: juu, ndani, nje na kadhalika. Mwaka wa 1996, wote wanne walipewa tuzo ya sayansi na uhandisi ya Oscar kwa kazi hiyo.

Photoshop ilitoka mwaka wa 1990, na mwaka wa 1994 toleo la 3.0 likaleta leya. Multiply inazidisha rangi mbili na kugawanya kwa 255: 200 na 100 zinatoa 78, kwa hivyo picha inakuwa nyeusi zaidi. Screen inafanya kinyume chake na kutoa 222, picha inang'aa.

Sasa, kwa nini mwandishi wa programu ajali mambo ya miaka hiyo? Kwa sababu uamuzi wa 1984 bado unatusumbua. Faili za PNG huhifadhi rangi ambayo haijazidishwa na alfa. Ukipunguza ukubwa wa picha kama hiyo bila kuzidisha kwanza, pikseli zilizo wazi kabisa, ambazo mara nyingi zimeandikwa nyeusi, zinavuja kwenye ukingo. Nimeona nembo nyingi zenye utepe mweusi ukizizunguka, na mchoraji analaumiwa bure. Aliyechora hana hatia. Kosa liko kwenye mpangilio wa hesabu.

Ukiandika programu za Android, fungua orodha ya madarasa ya michoro. Utakuta moja linaitwa PorterDuff. Majina ya wale mabwana wawili yamo katika kila simu ya Android hapa Nairobi, na fomula yenyewe ungeweza kuifanya kwa penseli.

Haya, hadi wakati mwingine. Kazi njema.